Karatasi kuukuu katika kasha la babu: usizitie motoni kabla ya kuzisoma

Katika nyumba nyingi za Kiuyu, iwe Kiuyu Minungwini upande wa Wete au Kiuyu Mbuyuni upande wa Micheweni, hakukosekani kasha. Pengine ni la mbao lenye misumari ya shaba, la kurithi. Pengine ni sanduku la bati lililokuja na jahazi kutoka Mombasa au Tanga. Siku hizi mara nyingi ni begi la safari lililokatika zipu. Liko uvunguni mwa kitanda cha babu au bibi, na ndani yake, chini ya kanzu ya Idi na kanga ambazo hazijakatwa, mna bahasha ya karatasi.

Bahasha hiyo aghalabu hufunguliwa mara moja tu, baada ya hitima, mwenyewe akiwa hayupo tena. Nguo hugawiwa, saa huchukuliwa na mtoto wa kwanza, tasbihi hubaki kwa mjane. Karatasi hutupiwa jicho moja. Zikionekana ni za Kiingereza, zimeliwa na mdudu na hazina picha, safari yao huishia jikoni, kuwashia moto. Hakuna anayefanya hivyo kwa ubaya. Nyumba imejaa watu, kazi ni nyingi, na hakuna aliyewahi kuambiwa kilichoandikwa humo.

Kumbe katika karatasi hizo zimo za aina tatu. Zipo zisizo na thamani kwa yeyote. Zipo zenye thamani ya historia, ambazo mahali pengine duniani watu huzishindania mnadani. Na zipo zilizo hai, yaani fedha za watu ambazo bado ziko mahali zinasubiri kudaiwa. Mzazi asiyejua kutofautisha anaweza kuchoma zote tatu kwa kiberiti kimoja.

Karatasi ya timu iliyokufa

Mfano wa kushangaza zaidi unatoka Marekani, kwenye mchezo wa besiboli, ule wa kupiga mpira mdogo kwa gongo na kukimbia kuzunguka vituo. Huku kwetu ni mchezo wa wachache, ingawa Dar es Salaam upo uwanja wake pale Sekondari ya Azania, uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Kwa Wamarekani, besiboli ni kama kandanda kwetu.

Timu ya kwanza kutangaza wazi kuwa inawalipa mishahara wachezaji wake wote ilikuwa Red Stockings ya Cincinnati, mwaka 1869. Msimu ule haikufungwa hata mchezo mmoja. Mwaka uliofuata ilianza kupoteza, watazamaji wakapungua, na viongozi wakaona mishahara hailipiki. Nahodha wake, Harry Wright, akaenda Boston na baadhi ya wenzake kuanzisha timu nyingine, nayo Cincinnati ikaachana na wachezaji wa kulipwa. Timu bora nchini, imekwisha kwa hesabu za kawaida kabisa za mapato na matumizi.

Klabu za namna hiyo zilipata mtaji kwa kuuza hisa. Mwenye duka, daktari, seremala aliyependa mchezo, kila mmoja alitoa dola zake akapewa hati: karatasi kubwa yenye nakshi pembeni, jina la klabu kwa herufi za madoido, namba ya hati, jina la mwanahisa lililoandikwa kwa kalamu ya wino, na saini za rais na katibu. Klabu nyingi zilikufa baada ya misimu michache. Wanahisa hawakupata kitu. Hati zao wakazitia kwenye madroo, na wajukuu wakazitupa.

Zile chache zilizosalia ndizo zinazotafutwa leo. Mkusanyaji hanunui hisa, maana hakuna tena klabu ya kumpa gawio. Ananunua ile karatasi yenyewe: uchache wake, uzuri wake, na mkono wa mtu mashuhuri ulioitia saini. Hili la saini lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Hati za kampuni ya mafuta ya Standard Oil zilizosainiwa na John D. Rockefeller hutafutwa mno na wakusanyaji, si kwa mafuta, ni kwa wino wa tajiri yule.

Ukusanyaji wa hati za hisa na hati za mikopo ya serikali umekuwa na jina lake la kitaalamu tangu miaka ya 1970, na una chama chake cha kimataifa, minada yake na vitabu vyake vya bei. Ni ndugu wa ukusanyaji wa stempu, ambao huku Visiwani unajulikana tangu zamani, kwa kuwa stempu za Zanzibar zinapendwa duniani. Za mwanzo, mwaka 1895, zilikuwa stempu za India zilizopigwa chapa ya neno Zanzibar juu yake.

Shabiki mwenye hati ukutani

Ipo timu Marekani ambayo kwa nyakati tofauti imewauzia mashabiki hati huku ikiwaambia waziwazi kwamba hawatapata faida. Ni Green Bay Packers, ya mpira wa miguu wa Kimarekani, kutoka mji mdogo. Mwaka 1923 iliuza hisa kwa dola 5. Imerudia mara kadhaa ilipohitaji fedha: mwaka 1997 kwa dola 200, mwaka 2011 kwa dola 250, mwaka 2021 kwa dola 300. Hisa hizo hazina gawio na haziuzwi sokoni. Mwenye nayo anaweza kumrithisha mwanawe na kupiga kura kwenye mkutano mkuu. Watu wamezinunua kwa maelfu na kuziweka ukutani ndani ya fremu. Mtu mzima, na akili zake, alilipa dola 300 kwa karatasi. Lakini mtu huyohuyo akiulizwa timu ni ya nani, anajibu ni yangu, na hasemi uongo.

Kwa wazazi wa Pemba, hadithi iliyo karibu zaidi ni ya Arsenal, timu yenye wapenzi wengi visiwani. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha, na mwaka 1893 ikageuzwa kampuni yenye hisa. Wafanyakazi wa kawaida na watu wa mtaani walikuwa miongoni mwa wanahisa. Baba alimwachia mwana, mwana akamwachia mjukuu, na kuna familia ambazo hisa moja au mbili zilipita mikono mingi namna hiyo. Hisa zote za klabu hazikuzidi 63,000, kwa hiyo kila moja ilikuwa kitu adimu.

Mwaka 2018 Mmarekani Stan Kroenke, ambaye tayari alikuwa na hisa nyingi, alinunua karibu zote zilizobaki. Sheria ya Uingereza humruhusu mnunuzi aliyefikisha kiwango fulani kuwalazimisha wadogo wamuuzie. Wadogo wakalipwa zaidi ya pauni 29,000 kwa kila hisa moja. Ni fedha nyingi, bila shaka. Hata hivyo wako waliolia. Walichonyang'anywa hakikuwa fedha, kwa sababu fedha walipewa. Walinyang'anywa neno la babu. Na tafakari upande wa pili: familia ambayo hati ya babu ilikuwa imetupwa, na hakuna aliyejua kama jina lake limo daftarini, ingejuaje kuwa kuna pauni 29,000 zinazowahusu?

Huku nyumbani jambo hili halijawa na umri mkubwa. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na kwa miongo mingi kilichomwonyesha mtu kuwa ni wa klabu kilikuwa kadi ya uanachama, si hati ya hisa. Mwaka 2017 Simba ilianza safari ya kugeuka kampuni, ambapo mfanyabiashara Mohammed Dewji alishinda zabuni ya kupata asilimia 49 kwa shilingi bilioni 20, huku asilimia 51 zikiwa za wanachama. Mabishano juu ya mpango ule hayakuisha haraka, na si ya ukurasa huu. Linalohusu familia ni moja: ile kadi ya zamani ya babu ya Simba au Yanga, yenye picha yake ya ujana na mihuri ya ada, ni kumbukumbu ambayo haitachapishwa tena. Hata kadi za klabu za hapa hapa kisiwani, Jamhuri ya Wete kwa mfano, zina hadithi ambazo hazimo katika kitabu chochote cha skuli.

Hisa zilizouza pwani yetu

Mtu anaweza kudhani kwamba hisa ni jambo la wazungu wa mbali. Ukweli ni kwamba pwani hii yenyewe iliwahi kuingizwa ndani ya hati za hisa.

Mwaka 1885 Carl Peters na wenzake walipata hati ya mfalme wa Ujerumani kwa ajili ya kampuni yao ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwaka 1888 kampuni hiyo ilikodishiwa na Sultani wa Zanzibar mamlaka ya kutoza ushuru katika pwani ambayo leo ni ya Tanzania bara. Matokeo yake yanajulikana: watu wa Pangani na miji mingine walisimama pamoja na Abushiri, na vita vile vilimalizika kwa Abushiri kunyongwa Pangani, Desemba 1889. Mwaka 1890 pwani ile ikauzwa moja kwa moja kwa Wajerumani kwa marki milioni 4, sawa na pauni 200,000 za wakati huo, na Unguja na Pemba zikawekwa chini ya ulinzi wa Waingereza.

Upande wa kaskazini, pwani ya Mombasa ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Kiingereza ya William Mackinnon, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888. Kampuni hiyo ilishindwa kibiashara. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza iliichukua kwa kuwalipa wenye hisa pauni 250,000. Na hapa ndipo penye la kumsimulia mtoto: pauni 200,000 kati ya hizo zilitoka katika fedha za Zanzibar, zile zile zilizolipwa na Wajerumani kwa ajili ya pwani ya kusini. Yaani Zanzibar iliuza pwani moja, na bei yake ikatumika kuwafuta machozi wanahisa wa Uingereza walioikodi pwani ya pili.

Hati za kampuni hizo mbili bado zipo duniani, na wakusanyaji wa Ulaya huzinunua. Zimechapwa vizuri, zina nembo na mihuri. Ni vigumu kupata karatasi iliyo nzuri kwa macho na nzito kwa historia kuliko hiyo. Haielekei kwamba iko hata moja ndani ya kasha Kiuyu, kwa sababu waliozinunua hawakuwa watu wa huku. Waliouzwa hawapewi risiti.

Makasha ya Pemba yana karatasi zake. Zipo za mikarafuu, kwa sababu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mashamba ya Unguja, Pemba ndiyo ikawa ghala la karafuu, na kila palipo na karafuu pana deni na stakabadhi. Kuna karatasi za rehani ya mikarafuu, ambapo mkulima alichukua fedha kwa tajiri kabla ya msimu. Kuna zinazohusu chama cha wakulima wa karafuu kilichoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1927, ambacho kupewa kwake nguvu ya kununua karafuu yote kuliwafanya wafanyabiashara wa Kihindi wagome mwaka 1937. Kuna stakabadhi za ZSTC za miaka ya karibuni. Kuna hati za eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na hizi si za kuchezea: anayezipoteza anaweza kupoteza mahali pa kusimama siku mpaka wa shamba utakapogombaniwa.

Na kwa kuwa watu wa kaskazini ya Pemba hawakukaa mahali pamoja, bahasha ina mambo ya mbali pia. Babu alikwenda Mombasa bandarini, au Tanga kwenye mkonge, au alifungua duka Dar es Salaam, au alikaa Maskati miaka kumi. Huko alifungua kitabu cha benki, akajiunga na ushirika, pengine akanunua hisa.

Zilizo hai

Hapa mzazi aongeze umakini, maana ndipo penye fedha.

Soko la hisa la Nairobi lilianza mwaka 1954. La Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998, kampuni ya kwanza ikiwa ile ya gesi, TOL. Tangu hapo Watanzania wa kawaida wamenunua hisa katika mauzo ya wazi. Benki ya NMB iliuza hisa zake mwaka 2008 kwa shilingi 600 kila moja. Vodacom ikafuata mwaka 2017 kwa shilingi 850. Kenya, Safaricom iliuzwa mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya, na watu walipanga foleni kuanzia alfajiri. Miongoni mwa wanunuzi walikuwamo waalimu, askari, wauza duka. Baadhi yao wamekwishafariki, na si wote waliowaeleza wake zao.

Tuseme mzee alinunua hisa 800 za NMB mwaka 2008. Alitoa shilingi 480,000, akaweka karatasi kwenye bahasha, akasahau. Mwaka 2024 hisa moja ilikuwa imepita shilingi 4,000. Kwa bei hiyo, karatasi ile inazungumzia zaidi ya shilingi 3,200,000, bila kuhesabu gawio la miaka yote.

Mzee ameacha mke mmoja, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Kwa mirathi ya Kiislamu, na kama hakuna deni, wasia wala mrithi mwingine, mjane ana thumuni, yaani hisa 100. Zinabaki 700. Mwanamume hupata mafungu mawili na mwanamke fungu moja, kwa hiyo mafungu ni saba: kila mtoto wa kiume hisa 200, kila wa kike hisa 100. Fungu la mjane peke yake ni zaidi ya shilingi 400,000. Kwa mama anayeuza mwani kwa kilo, hilo si jambo la kuwashia jiko. Na wala si la kaka mkubwa kuliweka mfukoni akanyamaza, kama inavyotokea.

Habari njema ni kwamba haki haimo ndani ya karatasi. Imo ndani ya daftari la wanahisa, ambalo siku hizi ni la kompyuta. Karatasi ikiliwa na mchwa, jina la mzee bado limo. Kazi ya karatasi ni kuwaambia warithi wapi pa kuuliza: jina la kampuni, namba ya akaunti ya hisa, mwaka. Bila ya dokezo hilo familia haijui hata kama kuna mlango wa kubisha.

Hatua zenyewe zinachosha lakini zinajulikana. Kwanza cheti cha kifo. Kisha usimamizi wa mirathi: kwa Muislamu wa Zanzibar kuna Mahakama ya Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo kazi zake ni pamoja na mali za marehemu. Msimamizi akishatambuliwa, huenda kwa dalali wa hisa aliyesajiliwa au kwa ofisi inayotunza daftari la wanahisa wa kampuni ile, akiwa na vitambulisho vya warithi. Hisa zinaweza kuuzwa na fedha kugawiwa, au kuhamishiwa majina ya warithi kila mmoja na zake. Kwa mali zilizoachwa Kenya, ipo mamlaka ya serikali inayoshughulikia fedha zisizodaiwa, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2011. Kampuni na benki hutakiwa kuipelekea gawio na amana ambazo wenyewe hawakuonekana kwa miaka.

Zipo pia zilizokuwa hai zikafa. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, benki na kampuni nyingi zilitaifishwa. Hati ya hisa ya kampuni ya enzi hizo haiwezi kumtajirisha mjukuu leo. Ibaki kama kumbukumbu, na asije mtu akamdanganya kwamba inadaiwa mabilioni.

Wajanja wa rupia

Maana wapo wa kudanganya. Kila mzazi bara na visiwani amesikia habari za rupia ya Mjerumani, kwamba ukiipata unauza kwa mamilioni. Watu wamechimba chini ya mibuyu, wamevunja kuta za maboma, wamepigana. Ni kweli ipo sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916, wakati wa vita, yenye picha ya tembo, na wakusanyaji huilipia vizuri. Lakini rupia za kawaida za fedha zilitengenezwa kwa wingi na bei yake si ya kujengea nyumba. Noti za rupia za serikali ya Zanzibar, zilizotolewa kuanzia mwaka 1908, hizo ni adimu kwelikweli, na ndiyo maana za bandia hazikosekani.

Dalili ya tapeli ni ile ile siku zote: anataka utangulize fedha. Ada ya uchunguzi, ada ya mnada, ada ya kibali. Mnunuzi wa kweli hulipa, halipwi. Mwingine huomba picha ya hati ya hisa ili aitathmini, na kumbe anataka namba ya akaunti na jina la marehemu. Picha za karatasi zilizo hai zisipite kwenye makundi ya simu, hata ya ukoo. Ukoo ni mkubwa, na simu huibiwa.

Adui wa karatasi ni Pemba yenyewe

Hewa ya kisiwa ni ya chumvi na unyevu. Masika yakiingia, hata kanzu iliyokunjwa huota ukungu. Karatasi iliyowekwa sakafuni hualika mchwa. Iliyobanwa ukutani hunyonya maji ya mvua. Iliyo karibu na jiko huliwa na kombamwiko kwa sababu ya gundi yake.

Ibaki juu, mbali na ukuta, ndani ya boksi safi la plastiki lenye kifuniko, na kila karatasi ndani ya bahasha yake, imenyooka. Mkunjo ukirudiwarudiwa huwa mpasuko. Pini na klipu za chuma ziondolewe, kutu hula karatasi kuliko panya. Selotepu isitumike kuunga palipochanika, kwa kuwa gundi yake huwa njano na haitoki. Na tafadhali, isipelekwe kwa fundi wa steshenari ikapigwe plastiki ya moto. Hati iliyopigwa plastiki imekwisha kwa mkusanyaji, na hata ofisi nyingine huikataa.

Kuna desturi ya kutia karafuu ndani ya kasha ili kufukuza wadudu. Kwa nguo sawa. Kwa karatasi, karafuu zikae kwenye kifuko mbali kidogo, kwa sababu mafuta yake huacha doa. Siku ya jua, mara moja kwa miezi miwili mitatu, boksi lifunguliwe kivulini lipate hewa. Juani kabisa wino utapauka.

Picha zipigwe kwa simu, mbele na nyuma, karatasi ikiwa imelazwa juu ya mkeka au kitambaa cheupe, kivulini, bila mwanga wa simu. Nyuma ndiko watu husahau, na nyuma ndiko babu alikoandika kwa penseli alimkopesha nani.

Kazi ya Ijumaa jioni

Watoto wa siku hizi wanasoma habari za rupia na shilingi darasani, wakaziona kama hadithi za nchi nyingine. Mpe mtoto wa darasa la sita stakabadhi ya bibi yake mzaa bibi, muulize imeandikwa rupia au shilingi. Zanzibar iliacha rupia mwaka 1936 ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki, rupia moja kwa shilingi moja na nusu. Basi mtoto mwenyewe atajua karatasi ni ya kabla au baada, na atapiga hesabu ya deni bila kulazimishwa. Akishindwa kusoma mwandiko, amwendee bibi. Bibi ambaye hakuenda skuli anaweza kusimulia karatasi nzima kwa kuitazama rangi yake.

Naye aanze mkusanyo wake. Hauhitaji fedha: tiketi ya mpira Gombani, tiketi ya boti ya Mkoani, risiti ya kwanza ya karafuu aliyochuma mwenyewe, kadi ya mwaliko wa harusi ya shangazi. Ajifunze kuandika kwa penseli juu ya bahasha, si juu ya karatasi, tarehe na ilikotoka. Wakusanyaji wote wa dunia, wa besiboli na wa stempu, huuliza swali hilo kwanza: imetoka wapi, kwa mkono wa nani?

Karatasi ambazo familia inaona ni za historia ya wengi zinaweza kuonyeshwa Makumbusho ya Pemba, ndani ya ngome ya Chake Chake, au Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani, Unguja. Si lazima kuitoa ile ya asili. Nakala nzuri inatosha kwa kuanzia, na mwenye nyumba abaki na yake.

Ugomvi unaobaki ni wa ndani ya nyumba: nani akae na boksi. Kwa karatasi zilizo hai, msimamizi wa mirathi ndiye anayezishika mpaka mgao uishe, na kila mrithi, wakiwemo mabinti walioolewa Wingwi au Konde, apewe nakala siku ile ile. Kwa zile za kumbukumbu tu, familia nyingine humpa mtoto anayependa kusoma, hata kama ni wa mwisho kuzaliwa. Kabla ya yote hayo, lakini, mzee angali hai. Akiamka vizuri Ijumaa hii, mtolee kasha, mkalishe barazani, umsomee jina lililo juu ya kila karatasi, moja baada ya moja, huku mtoto akiandika.